Nina jiwe kwenye figo na UTI hainiachi: nitibu kipi kwanza?

SWALI: Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 47. Tangu mwaka jana nimepata UTI mara nne. Dalili ni zilezile: mkojo unachoma, naenda msalani kila baada ya muda mfupi, mkojo una harufu kali, na mara moja nilipata homa. Kila mara napewa vidonge vya siku tano, napata nafuu, kisha baada ya wiki tatu au nne hali inarudi. Mara ya mwisho mkojo ulioteshwa maabara (bakteria waliomo walikuzwa ili watambulike), cheti kikaandikwa Proteus mirabilis, na pH 8. Ultrasaundi imeonyesha jiwe la milimita 14 kwenye figo ya kushoto. Daktari aliyenipima alisema kwa kuwa jiwe haliumi tuliache, ninywe dawa na maji mengi. Je, jiwe ndilo linaloleta UTI, au UTI ndiyo iliyoleta jiwe? Na je, litolewe? Mke wangu naye anashangaa mwanamume anapataje UTI mara nne. Ameanza kuniangalia kwa jicho lingine.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na la mkeo, kwa sababu ni jepesi na kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi kuliko jiwe lenyewe. Proteus mirabilis ni bakteria, na si kimelea cha zinaa. Makazi yake ni utumbo mpana, ambako huishi bila kumsumbua mtu. Akihama kutoka huko akaingia kwenye mkojo ndipo balaa linapoanza. Magonjwa ya zinaa yanayofanana na UTI kwa mwanamume, hasa kisonono na klamidia, kwa kawaida hukaa kwenye mrija wa uume, mara nyingi hutoa usaha au ute kwenye tundu, na hayaoti katika kipimo cha kawaida cha kuotesha mkojo. Kama umewahi kuona ute wa namna hiyo kwenye nguo ya ndani, mwambie daktari, maana vipimo vyake ni vingine. Kama hujaona, mpe mkeo cheti cha maabara akisome mwenyewe. Yeye hahitaji dozi yoyote kwa ajili ya UTI yako.

Lakini mkeo, bila kujua, ameuliza swali la kitabibu kabisa. Mwanamume anapataje UTI mara nne? Mrija wa uume una urefu wa takriban sentimita 20, wa mwanamke takriban 4, na tundu la mwanamume liko mbali na njia ya haja kubwa. Bakteria ana safari ndefu, na njiani anakojolewa akatoka kabla hajafika. Ndiyo maana UTI kwa mwanamke kijana mara nyingi ni jambo la kawaida lisilo na siri nyuma yake, ilhali kwa mwanamume daktari anapaswa kujiuliza kuna nini ndani kinachomshikilia huyu bakteria. Mara ya kwanza unaweza kusema ni bahati mbaya. Mara ya nne, hapana. Mahali pa kutazama kwanza ni patatu: jiwe, tezi dume, na kibofu kisichomaliza mkojo. Wewe la kwanza tayari limeonekana kwenye picha. Hayo mawili mengine nitayarudia, kwa sababu kupata jiwe hakumaanishi hayapo.

Sasa kipi kilianza. Mawe ya figo hayako ya aina moja. Mengi sana yanatokana na kalsiamu na oksalati. Haya hujijenga yenyewe kutokana na chumvi za mkojo, bakteria hawahusiki. Jiwe la namna hiyo likishakuwepo linaweza kuzuia mkojo au kuwapa bakteria uso wa kujishikiza, na hapo maambukizi huja baadaye kama mpangaji anayekuta nyumba imeshajengwa. Mara nyingi mpangaji huyo ni E. coli, bakteria mwingine wa utumbo.

Proteus ni fundi, hahitaji kukuta nyumba. Anatengeneza kimeng'enya kinachoitwa yurease, ambacho kazi yake ni kupasua urea. Urea ni taka ambayo figo zako zinaitoa kwa wingi kila siku, kwa hiyo malighafi haiishi. Inapopasuliwa hutoka amonia na kaboni dioksaidi. Ukiwahi kuingia kwenye choo cha mkojo ambacho hakijamwagiwa maji siku kadhaa, ile harufu inayochoma pua mpaka macho yanatoa machozi ni amonia hiyohiyo, na imetoka kwenye urea kwa njia hiyohiyo. Amonia inaufanya mkojo uache kuwa na uchachu. pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikipanda uchachu umepungua; mkojo wa kawaida una pH ya karibu 6. Ikipanda kupita 7.2 hivi, magnesiamu na fosfati ambazo zilikuwa zimeyeyuka kwa amani zinashikana na amonia na kuganda. Fuwele hizo zinaitwa struvaiti. Jina limetokana na Mjerumani H. C. G. von Struve, na wala hazikugunduliwa ndani ya mtu: mwaka 1845 mkemia Georg Ulex alizieleza baada ya kuzipata ardhini mjini Hamburg, kwenye udongo uliojaa samadi ya zamani. Samadi na figo iliyoambukizwa vina kemia moja. Nikiwaeleza wagonjwa jambo hili huwa wanakunja uso, lakini hawalisahau.

Kwa hiyo pH 8 kwenye cheti chako si namba ya kupita nayo haraka. Ikiwa pamoja na Proteus na jiwe, mimi naisoma hivi: kuna uwezekano mkubwa jiwe lako, lote au sehemu yake, ni jiwe la maambukizi. Nasema sehemu yake kwa sababu mara kwa mara tunakuta kiini cha kalsiamu oksalati kilichovikwa maganda ya struvaiti. Yaani jiwe la kawaida lilianza, bakteria akaja, akaendeleza ujenzi. Hivyo jibu la swali lako linaweza kuwa yote mawili. Uhakika utapatikana jiwe likishatolewa na kupimwa.

Tahadhari moja kuhusu hiyo pH. Mkojo ukikaa mezani saa kadhaa kabla ya kupimwa, bakteria wanaendelea kuzaana na kupasua urea ndani ya kikopo, na pH inapanda hata kama kwenye kibofu haikuwa juu kiasi hicho. Kama sampuli yako ilipelekwa maabara palepale, namba inaaminika. Kama ulikojoa alfajiri nyumbani ukaifikisha saa sita mchana, rudia kipimo. Proteus mwenyewe hana haja ya kurudiwa, watu wa maabara humtambua hata kwa macho: kwenye sahani ya kuoteshea hatulii mahali pamoja kama wenzake, anasambaa kwa mawimbi, duara ndani ya duara, kama maji ya bwawa yaliyorushiwa jiwe. Jina lenyewe alipewa mwaka 1885, kutokana na mungu wa bahari katika hadithi za Wagiriki aliyekuwa akijigeuza umbo.

Tuje kwenye vidonge vya siku tano. Jiwe la maambukizi si kokoto ambayo bakteria wameikalia juu. Limejengwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka limewafunika bakteria waliokuwa hapo, wakiwa wamejiviringisha kwenye utando wao wa ute. Antibiotiki inasafiri kwenye damu, inachujwa, inaingia kwenye mkojo, inaua wale wanaoogelea. Mkojo unakuwa safi. Maumivu yanaisha. Ukipima wiki hiyo, cheti kinasema hakuna kilichoota, na wewe unaamini umepona. Waliomo ndani ya jiwe dawa haikuwafikia kwa kiwango cha kuwaua. Ukiacha vidonge wanatoka tena. Wiki zako tatu au nne ndizo hizo. Umekuwa ukifukuza nzi, na mzoga umeuacha ndani.

Na kuna jambo jingine la kuchunguza kwenye makaratasi yako: ulipewa dawa gani? Kama miongoni mwa zile dozi nne kulikuwa na nitrofurantoini, ambayo ni dawa nzuri na ya kawaida sana kwa UTI ya kibofu kwa wanawake, kwako ilikuwa kazi bure. Proteus ana usugu wa asili dhidi yake, hata kama hujawahi kuimeza maishani. Tena haifikii kiwango cha kutosha kwenye nyama ya figo wala kwenye tezi dume. Siku tano nazo ni mazoea yaliyotoka kwenye matibabu ya wanawake. Mwanamume asiye na homa, mara nyingi siku saba za dawa inayofaa zinatosha. Akiwa na homa, au tezi dume ikishukiwa, tunazungumzia siku 14, na pengine zaidi.

Dawa inayofaa haitajwi kwa kubahatisha. Angalia cheti cha kuotesha, chini ya jina la bakteria kuna orodha ya dawa, na mbele ya kila moja herufi S au R. S maana yake bakteria anaisikia, R ni sugu. Zinazoingia vizuri kwenye tezi dume ni siprofloksasini na zile za jamii yake, pamoja na ko-trimoksazoli, mradi cheti kiwe na S. Siprofloksasini isimezwe pamoja na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, wala vidonge vya chuma, zinki au kalsiamu, kwa sababu hushikana nayo tumboni isifyonzwe, acha masaa kadhaa katikati. Ukisikia maumivu kwenye mshipa wa kisigino, iache na umpigie daktari siku hiyohiyo. Mshipa huo umewahi kukatika kwa watu wanaotumia dawa hizi.

Nasikitika jambo moja, kwamba mara tatu za kwanza mkojo haukuoteshwa. Tungekuwa na vyeti vinne mkononi tungeviweka mezani sambamba. Proteus yuleyule mara nne, mwenye S na R zilezile, ingekuwa ushahidi tosha kwamba hakuondoka kamwe. Bakteria tofauti kila mara ingetupeleka kwingine: kibofu kisichomaliza mkojo, au kisukari. Kuanzia sasa, usimeze kidonge cha antibiotiki kabla hujatoa mkojo wa kuotesha. Vuta govi nyuma kama unalo, nawa, mwaga mkojo wa kwanza, kinga wa katikati. Ni jambo la dakika mbili linalopuuzwa kila siku.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa wagonjwa wa mawe wengi hunywa antibiotiki zisizo na kazi. Jiwe peke yake, bila bakteria hata mmoja, linaweza kukwaruza na kuleta damu na seli nyeupe kwenye mkojo. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kikionyesha seli nyeupe hakijasema kuna UTI, kimesema kuna muwasho. Kikionyesha nitraiti hapo shaka inapungua, kwa kuwa Proteus na E. coli huitengeneza, ingawa wapo bakteria wengine wasioitengeneza kabisa na kijiti kitabaki kimya. Huna dalili, mkojo hauumi, homa hamna? Usinywe antibiotiki kwa sababu ya kijiti. Isipokuwa kama unakaribia kuingizwa kifaa kwenye njia ya mkojo, hapo bakteria waliolala lazima watafutwe na kutibiwa kwanza.

Kabla sijafika kwenye kulitoa jiwe, naomba usome aya hizi mbili zinazofuata hata kama mengine utayaruka.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mwanamume mwenye jiwe la milimita 6 lililokwama kwenye mrija unaotoka figoni kwenda kibofuni. Jiwe dogo, la kawaida. Alikuwa na siku tatu za maumivu ya ubavu na kutetemeka usiku, akawa anatuliza kwa diklofenaki. Alipofika kwetu joto la mwili lilikuwa la kawaida, kwa sababu diklofenaki inashusha homa pia. Mkojo wake ulipimwa, ukawa safi. Mtu wa haraka angemrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Lakini mikono ilikuwa ya baridi, anahema harakaharaka, presha imeshuka, na alikuwa akijibu maswali kwa kuchelewa. Mkojo ulikuwa safi kwa sababu ulikuwa umetoka kwenye figo ya pili, ile isiyo na tatizo. Ule wa figo iliyoziba haukuwa na njia ya kushuka mpaka kwenye kikopo. Tulipopitisha mrija mgongoni kuingia kwenye figo ile, kilichotoka hakikuwa mkojo, ulikuwa usaha mzito wa rangi ya krimu, na ulitoka kwa msukumo. Kabla ya asubuhi presha ilianza kupanda. Jiwe lenyewe hatukuligusa usiku ule. Lilitolewa wiki tatu baadaye, homa ikiwa imekwisha na bakteria ametibiwa.

Figo iliyoziba na kuambukizwa kwa wakati mmoja ni dharura ya usiku huohuo, si ya kesho. Mwenye jiwe akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka mwili mzima, pamoja na maumivu ya ubavu, aende hospitali yenye uwezo wa kutoa mkojo figoni, kwa stenti (mrija laini wa ndani) inayopitishwa kutoka chini au kwa mrija wa mgongoni. Hali kadhalika akitapika mpaka vidonge havikai, mkojo ukikata, akianza kuchanganyikiwa, na hasa kama ana figo moja tu inayofanya kazi. Antibiotiki za mshipa zinaanza mara moja, lakini peke yake hazitoshi: figo iliyoziba haichuji, kwa hiyo dawa haifiki penye usaha. Na kunywa maji mengi ili kulisukuma jiwe wakati huo ni kuongeza shinikizo nyuma ya kizibo. Wewe mwenyewe unasema mara moja ulipata homa. Safari hiyo ulinusurika kwa kuwa jiwe lilikuwa limekaa ndani ya figo bila kuziba. Halina mkataba wa kukaa hapo milele.

Je, litolewe? Hapa namheshimu mwenzangu aliyekuona, ila sikubaliani naye. Alichosema ni sahihi kwa jiwe dogo, lisilo na dalili, la mtu asiye na maambukizi: hilo linaweza kufuatiliwa kwa picha. Lako si kimya. Halikuumi ubavuni, lakini limekusemesha mara nne kwa mdomo wa kibofu. Mawe ya struvaiti yana tabia ya kutouma huku yakikua haraka, kwa wiki na miezi, si miaka, mpaka yajaze matawi yote ya figo kwa ndani na kuchukua umbo la pembe za paa. Mgonjwa anahisi uchovu tu, na ubavu mzito. Wengine tunawapokea figo ikiwa imeshageuka mfuko wa usaha, na kinachobaki ni kuitoa figo yenyewe. Milimita 14 leo ni ukubwa mzuri wa kufanyia kazi. Mwakani huenda isiwe 14.

Kwanza upigwe siti skani, isiyo na dawa ya mshipani. Ultrasaundi ni nzuri kuona kama figo imevimba, lakini ukubwa wa jiwe huwa inaukadiria vibaya, na vijiwe vidogo inavikosa. Baada ya hapo njia ni tatu. Kulivunja kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, njia iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza mjini Munich mwaka 1980. Haina kisu, ila vipande unavikojoa mwenyewe, na katika jiwe la maambukizi kila kipande kinachobaki ni kambi yenye askari wake. Kupitisha kamera nyembamba kutoka kwenye uume hadi figoni na kulivunja kwa leza. Au kutoboa njia ndogo mgongoni na kulitoa moja kwa moja, upasuaji ulioanza kuelezwa nchini Sweden mwaka 1976 na ambao ndio chaguo la kwanza kwa mawe yanayozidi milimita 20. Kwa jiwe la 14 lenye Proteus mimi ningeelekea kwenye kamera na leza, au mgongoni kama siti skani itaonyesha kwamba limekaa kwenye kona ya chini ya figo ambako kamera inapinda kwa shida. Atakayekupasua ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu ataona picha na mimi sijaziona. Muulize swali moja: ipi kati ya hizi ina nafasi kubwa ya kutoacha hata chembe? Kwa mawe mengine chembe ya milimita mbili tunaweza kuivumilia. Kwa hili, hapana.

Mkojo uoteshwe tena kabla ya siku ya upasuaji, na uanze antibiotiki iliyochaguliwa kwa cheti hicho kabla hujaingia. Hata hivyo ujue kwamba mkojo wa kibofu na jiwe mara nyingi havisemi lugha moja. Kibofu kinaweza kuwa safi na jiwe likawa limejaa, na linapovunjwa waliofungiwa wanamwagika kwenye maji ya upasuaji na kuingia kwenye damu. Homa ya saa za kwanza baada ya upasuaji mara nyingi imetoka hapo. Ndiyo maana nasisitiza vipande vipelekwe mahali pawili: kimoja kioteshwe, kingine kipimwe kimeundwa na nini. Cha kuotesha kiwekwe kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali, kisitumbukizwe kwenye fomalini, kwani fomalini inaua kila kitu na maabara haitaotesha chochote. Jambo hili husahaulika kwa urahisi wa ajabu, kwa hiyo liseme wewe mwenyewe kabla hujalazwa usingizi. Jiwe la maambukizi hata kwa jicho lina sura yake: limepauka, jeupe la kuelekea njano, linasagika kirahisi, na chumba kinapata harufu. La oksalati mara nyingi ni la kahawia, gumu, wakati mwingine lina miiba.

Huenda ukatoka na stenti, yaani mrija laini ulioachwa kati ya figo na kibofu. Ukiwa nao, mkojo utachoma kidogo, utaona damu ukitembea sana, na kijiti kitaonyesha seli nyeupe. Hiyo pekee si UTI. Muhimu ni kuandika tarehe ya kuutoa kwenye simu yako na kwenye simu ya mkeo, kwa sababu stenti iliyosahauliwa huvikwa mawe mapya na bakteria wale wale tuliowafukuza. Isipite miezi mitatu bila kutolewa au kubadilishwa.

Nilisema nitarudi kwenye tezi dume na kibofu. Katika miaka 47 tezi inaweza kuwa imeanza kukua. Je, mkojo unachelewa kuanza, unakatikakatika, unaamka usiku zaidi ya mara moja hata ukiwa huna UTI? Ultrasaundi ipigwe kibofu kikiwa kimejaa, kisha ukojoe, ipigwe tena mara moja ili kuona kilichobaki. Mkojo unaobaki kibofuni ni bwawa, na bwawa linazalisha. Kwa wanaume wengine jiwe huumbika humohumo kibofuni. Tezi yenyewe ipimwe kwa kidole. Najua wengi wenu mnakikimbia kipimo hiki, lakini ni cha sekunde chache. Kama bakteria amejificha kwenye tezi, atahitaji wiki nne hadi sita za dawa inayopenya humo, la sivyo tutatoa jiwe kwa ustadi wote na UTI itarudi mwezi unaofuata, na wewe utadhani upasuaji ulishindwa. Sukari ya damu nayo ipimwe.

Kuhusu maji, kunywa, ila ujue yanafanya nini. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia kwa miaka 5 watu waliokuwa wamepata jiwe la kalsiamu kwa mara ya kwanza: walioongeza maji, mawe yalirudi kwa asilimia 12 kati yao, na kwa wenzao ambao hawakuongeza ni asilimia 27. Faida ni ya kweli. Lengo ni kukojoa lita 2.5 hivi kwa siku, mkojo uwe mweupe kama maji. Lakini maji hayayeyushi struvaiti iliyokwishaganda. Na tafadhali usinywe magadi wala baikaboneti kwa kusikia kwamba yanayeyusha mawe. Kuna jiwe moja, la asidi ya yuriki, ambalo kweli huyeyuka mkojo ukipunguzwa uchachu chini ya uangalizi wa daktari. Lako linajengwa na mkojo huohuo usio na uchachu. Ungekuwa unampelekea fundi saruji.

Jiwe likishatoka, mkojo uoteshwe tena wiki chache baadaye, kisha kila baada ya muda katika mwaka wa kwanza, na picha ipigwe ndani ya miezi mitatu kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kama Proteus hajaota na picha ni safi, hakuna haja ya kuendelea kumeza antibiotiki za kuzuia.

Ukipata siti skani, niandikie ukubwa wa jiwe, limekaa sehemu gani ya figo, na kama kuna uvimbe wowote. Niandikie pia majina ya dawa ulizomeza zile mara nne, hata kama umebaki na maboksi matupu tu.